Nyimbo za roki za jana na za leo: bendi ya watu wanne ichague upi?

Bendi ya watu wanne, yaani mwimbaji, mpiga gitaa la solo, mpiga besi na mpiga dramu, ikiombwa kupiga nyimbo chache za roki kwenye hafla, aghalabu huanza kwa kuulizana ni nyimbo zipi zinazojulikana zaidi. Swali hilo si baya, ila halitoshi, na limeziponza bendi nyingi zilizozoea kupiga kopi za rumba na zouk bila shida yoyote. Nyimbo kubwa za roki nyingi zilizaliwa studio, sauti ikipangwa juu ya sauti, na watu wanazipenda kama walivyozisikia redioni na kwenye kanda. Ukiuondolea wimbo studio yake na kuuacha mikononi mwa watu wanne wenye vipaza sauti viwili na spika za kuazima, hapo ndipo utakapojua kama ulichagua vema. Kwa sababu hiyo nimeziweka hapa nyimbo zinazoombwa sana mbili mbili, nikianza na za miaka ya 1970 na kumalizia na zile za miaka ya 1990 kuja huku, na kila jozi naipima kwa jambo hilo moja: kinabaki nini wimbo unapofika jukwaani kwenu?

Jozi inayozua ubishi mkubwa mazoezini ni "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 1971, na "Hotel California" ya Eagles, iliyotoka katika albamu yenye jina hilohilo mwezi Desemba 1976. Zote mbili ni ndefu, wa kwanza ukizidi kidogo dakika 8 na wa pili ukichukua dakika 6 na nusu. Zote huanza kwa gitaa linalodonolewa polepole, na zote zina solo ambayo kila mpiga gitaa hutamani kuonekana akiipiga. Kufanana kwao kunaishia hapo.

"Stairway to Heaven" hauna kiitikio. Unaanza na gitaa kavu la Jimmy Page na filimbi za mbao alizozipiga John Paul Jones, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa mpiga besi, kisha unaongezeka uzito hatua kwa hatua, na dramu za John Bonham haziingii mpaka dakika ya 4 imekwisha kupita. Mfikirie mpiga dramu wenu: amekaa kwenye kigoda chake, fimbo zimelala mapajani, anawatazama wenzake kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha chai, huku waalikwa wakirudia sahani zao mmoja mmoja. Anapoingia hatimaye, hadhira imeshazama katika maongezi yake, na hakuna mstari wa kiitikio wa kuwavuta warudi. Kucheleweshwa huko ndiko kunakoufanya wimbo uwe mtamu kwa msikilizaji aliyetulia chumbani peke yake, na ndiko kunakoupoteza kwenye hafla.

Iko pia shida ya vyombo. Jukwaani Page alitumia gitaa lenye shingo mbili, moja ya nyuzi 12 na nyingine ya nyuzi 6, kwa kuwa wimbo hautoi nafasi ya kubadilisha gitaa katikati. Bendi yenye gitaa moja italazimika kuacha kitu, na kila kitakachoachwa kitaonekana. Mwanzo wake haupaswi kuwadanganya. Kile kipande cha kufungulia, ambacho nota zake za chini zinateremka moja baada ya nyingine, ndicho kilichofikishwa mahakamani nchini Marekani kwa madai kwamba kilichukuliwa kutoka kwa bendi ya Spirit; baraza la mahakama liliamua mwaka 2016 kwamba hakikuibwa, na mahakama ya rufaa ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2020, kwani mteremko wa namna hiyo ni mali ya wanamuziki wote tangu zamani. Kijana mwenye bidii huushika kwa muda mfupi, na hapo bendi hujiona imeuweza wimbo. Kazi yenyewe huanza dakika ya 6, inapofika solo na sehemu ya mwisho yenye kelele, ambapo mwimbaji hulazimika kupanda juu sana akiwa tayari amechoka.

"Hotel California" umejengwa kama nyumba ya fundi mzoefu. Ubeti wote unasimama juu ya kodi 8 (kodi za gitaa, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za mamlaka ya mapato), kila moja ikikaa kwa baa moja, yaani mapigo manne: Bm, F#, A, E, G, D, Em, kisha F# tena inayokurudisha mlangoni. Solo ya mwishoni inapita juu ya msingi huohuo wa ubeti. Kwa hiyo mpiga besi akishaizoea duara hiyo, amemaliza sehemu kubwa ya wimbo. Wakati Eagles wakiutengeneza, jina la muda waliloupa lilikuwa na neno rege ndani yake, na halikukosea, kwa maana gitaa la ridhimu linakata pigo kwa namna ambayo mpigaji wa Afrika Mashariki, aliyekulia katika rege, ataitambua kabla hajaambiwa. Hata hadhira isiyojua maneno huanza kutikisa vichwa.

Mtego wake uko kwenye sauti. Don Henley anaimba kwa utulivu hivi kwamba huoni jinsi alivyo juu. Mwanamume mwenye sauti ya kati akijaribu, ataanza vizuri na kukwama kwenye kiitikio. Dawa ni rahisi. Gitaa la kufungulia hupigwa likiwa limefungwa kepo, yaani kile kibano cha shingoni, kwenye nafasi ya 7. Ikisogezwa hadi nafasi ya 5, wimbo mzima unashuka bila vidole vya mpiga gitaa huyo kubadilisha chochote, ingawa mpiga besi na mpiga solo watalazimika kujifunza nota mpya. Ama solo yenyewe, Don Felder na Joe Walsh wanajibizana kwa takribani dakika 2 na kumalizia wakipiga sambamba. Gitaa moja haliwezi kufanya hivyo. Ikiwa mna mtu wa kinanda, apewe sauti ya pili katika ile sehemu ya kumalizia. Ikiwa hamna, toleo la magitaa makavu ambalo Eagles walilipiga waliporudiana mwaka 1994 linaonyesha kuwa wimbo haupungukiwi hata ukivuliwa umeme. Kati ya hizi mbili, kwa hafla yoyote ambayo watu hawakuja mahususi kuwasikiliza ninyi, chagueni "Hotel California", na mpiga solo anayetaka sifa atapata nafasi yake ya kutosha humo.

Kisha utakuja wimbo ambao pwani na visiwani ni vigumu kuukwepa. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Mwandaaji wa hafla anayelijua hilo atataka "Bohemian Rhapsody", na atauomba akidhani anawarahisishia. Uwekeni kando ya "We Will Rock You" ya bendi hiyohiyo ya Queen kabla ya kumjibu.

"Bohemian Rhapsody", uliotoka mwaka 1975, una dakika 5 na sekunde 55, na ndani yake mna vipande sita vilivyoshonwa pamoja: sauti tupu za kufungulia, sehemu ya huzuni yenye kinanda, solo ya gitaa, opera, roki nzito, kisha utulivu wa kufungia. Hata huu hauna kiitikio. Ile opera, ambamo Mercury aliweka neno "Bismillah" ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulidaka papo hapo, ilitengenezwa na Mercury, Brian May na Roger Taylor wakirudia kurekodi sauti zao juu ya sauti zao wenyewe mara nyingi mno, hadi utepe wa kurekodia ukalika na kuanza kupitisha mwanga. Watu watatu walifanywa wasikike kama kwaya ya kanisa kubwa. Hakuna watu wanne, hata wawe hodari vipi, wanaoweza kulitoa hilo mubashara, na Queen wenyewe hawakujaribu: katika maonyesho yao walikuwa wakiondoka jukwaani, kanda ikacheza opera chini ya taa, halafu wakarejea kwa kishindo kwenye sehemu ya roki.

Hivyo, mkitaka kuupiga, fuateni mfano mwingine wa Queen wenyewe. Kwenye tamasha la Live Aid, uwanjani Wembley, tarehe 13 Julai 1985, muda ulikuwa mfupi, na Mercury aliketi kwenye kinanda, akaimba sehemu ya huzuni tu, kisha bendi ikaingia wimbo mwingine bila kugusa opera. Hakuna aliyelalamika. Bendi yenye mpiga kinanda mzuri na mwimbaji anayejiamini inaweza kufanya vivyo hivyo: beti mbili za mwanzo, solo fupi ya gitaa, kisha kuvuka. Bendi isiyo na kinanda isiuguse kabisa. Nimewahi kusikia sehemu ya opera ikijaribiwa na waimbaji wawili na simu iliyochomekwa kwenye spika ili kuongeza sauti. Simu ikaita katikati, na mlio wake ndio uliopigiwa makofi.

"We Will Rock You" wa mwaka 1977 ni kinyume cha hayo yote. May aliutunga baada ya onyesho ambalo hadhira iliimba kwa nguvu kiasi kwamba bendi ilibaki kuwasikiliza, akajiuliza watu waliosongamana, wasio na ala yoyote, wanaweza kufanya nini wote kwa pamoja. Wanaweza kukanyaga na kupiga makofi. Mguu, mguu, kofi, kisha kimya cha pigo moja: huo ndio wimbo mzima kwa takribani dakika 2, na gitaa haliingii mpaka mwishoni. Umeme ukikatika, jambo ambalo kwetu hapa halihitaji kuelezwa, wimbo unaendelea. Kosa linalofanywa na bendi ni kumwachia mpiga dramu alijaze lile pengo la kimya kwa mbwembwe. Pengo hilo ndilo linaloupa wimbo uzito. Akilijaza, hadhira inapoteza mahali pa kuweka kofi lake, na baada ya mistari michache kila meza inapiga mapigo yake.

Wimbo wa kisasa unaofanana nao kwa matumizi ni "Seven Nation Army" ya White Stripes, wa mwaka 2003, na hapa uchaguzi unategemea zaidi nani yuko ukumbini. Kile kipande cha nota 7 kinachojirudia kila shabiki wa mpira anakijua, hata kama hajawahi kusikia jina la bendi. Mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji walianza kukiimba walipokwenda Milan kucheza na AC Milan mwezi Oktoba 2003, na katika Kombe la Dunia la mwaka 2006 Waitalia wakakifanya kuwa wimbo wao wa ushindi. Wengi hudhani kinapigwa na gitaa la besi. Sivyo: White Stripes walikuwa wawili tu, Jack White na Meg White, bila mpiga besi, na Jack alilipitisha gitaa lake kwenye pedali, yaani kifaa cha kukanyagwa kwa mguu, inayoshusha sauti kwa oktava moja. Kwenu ninyi wenye besi, hilo ni faraja, kwa maana mpiga besi atakichukua kipande hicho na mpiga solo atakuwa huru kuongeza kelele mahali pa kiitikio, ambapo wimbo hauna maneno bali kipande kilekile kikipigwa kwa nguvu zaidi. Kwa vijana na kwa usiku wa mpira, huu unaushinda "We Will Rock You". Kwa ukumbi wenye watoto na wazee, wimbo wa Queen unabaki mbele, kwa kuwa haumdai mtu kujua chochote.

Baina ya "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana, uliotoka Septemba 1991, na "Zombie" ya Cranberries wa mwaka 1994, uamuzi ni mgumu zaidi, kwa kuwa zote mbili ni rahisi kuzipiga na zote mbili zinachosha koo. Kila mmoja una kodi 4 zinazorudiwa karibu tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja hunong'ona kwenye ubeti na kulipuka kwenye kiitikio, mtindo ambao Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alikiri kuwa aliuiga kwa bendi ya Pixies. Mpiga gitaa anayeanza atafurahia kugundua kwamba solo ya Nirvana ni sauti ileile ya ubeti iliyohamishiwa kwenye gitaa. Akiweza kuuimba, anaweza kuipiga.

Lakini angalieni mwimbaji wenu ana nini. Wimbo wa Nirvana unadai mkwaruzo wa koo, na mkwaruzo huo, kwa mtu asiyefundishwa kuutoa, huharibu sauti kwa usiku mzima. Ukiupanga wa kwanza, nyimbo zinazofuata zitaimbwa na mtu aliyepwelewa sauti. Upangeni wa mwisho au msiupange. "Zombie" unadai kitu kingine, yaani ule mvunjiko wa sauti wa Dolores O'Riordan, mwimbaji wa Cranberries, inapokatika ghafla kutoka kifuani kwenda kichwani. Mwanamke aliyelelewa katika taarabu au kwaya, aliyezoea kuipinda sauti, ana mtaji wa kuanzia ambao waimbaji wengi wa roki hawana. Anayejaribu kuuiga mvunjiko huo bila kuuweza husikika kama anakejeli, na ni afadhali aimbe nota zilizonyooka tu.

Kwa "Zombie" lipo pia suala la heshima. O'Riordan aliutunga kwa uchungu wa mabomu ya Warrington, Uingereza, ya Machi 1993, ambayo IRA, kikundi cha wapiganaji wa Ireland, kiliyatega barabarani na ambayo yaliua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Si wimbo wa mazimwi wala wa sinema za kutisha. Nimeona ukipigwa harusini, wapambe wakicheza huku bibi harusi akitabasamu, na hakuna aliyedhurika, ila mgeni mmoja anayeyajua maneno atawaona bendi ninyi ni watu msiosoma mnachokiimba. Kwenye tamasha, au kwenye kumbukumbu ya jambo zito, hauna mpinzani katika orodha hii.

Harusini, mkitaka kitu cha miaka hiyohiyo, "Wonderwall" ya Oasis wa mwaka 1995 hautawaaibisha. Kepo inakaa nafasi ya 2, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vinabaki mahali pamoja kwa sehemu kubwa ya wimbo, na kazi yote iko kwenye mkono wa kulia, ambao haupumziki. Wapiga gitaa waliobobea wameuchoka. Waalikwa hawajauchoka, na wao ndio walioletwa na kadi.

Imebaki jozi ya vijana waliokulia kwenye miaka ya 2000: "In the End" ya Linkin Park, kutoka albamu yao ya mwaka 2000, na "Mr. Brightside" ya Killers, bendi ya Las Vegas, ambao ulitolewa kwanza mwaka 2003. Wa pili ni muujiza wa namna yake. Uingereza haukuwahi kupita nafasi ya 10, lakini umerudi kwenye chati ya nyimbo 100 mara nyingi kiasi kwamba jumla imezidi wiki 400. Unasimulia wivu wa mtu anayemwaza mpenzi wake akiwa na mwingine, na ubeti wa pili ni uleule wa kwanza, neno kwa neno, kwa hiyo mwimbaji anajifunza nusu ya wimbo na hadhira pia. Ugumu uko kwa mpiga solo: kipande cha kufungulia kinamtaka atanue vidole kupita kiasi na asisimame hata kidogo. Mwenye mkono mdogo atateseka, na akikosea, kila mtu atasikia, kwa sababu mwanzoni hana wa kumfichia.

"In the End" hauna adhabu hiyo kwa gitaa, kwani uti wa mgongo wake ni nota chache za kinanda ambazo hata mwanafunzi anaweza kuzipiga. Unachodai ni watu wawili mbele: mmoja wa kurap kama Mike Shinoda, mwingine wa kupaza sauti kama alivyofanya Chester Bennington, aliyefariki Julai 2017. Bendi nyingi humbebesha mwimbaji mmoja kazi zote mbili, naye hufika kwenye kiitikio hana pumzi. Tangu mwaka 2024 Linkin Park wenyewe wanapanda jukwaani na mwimbaji wa kike, Emily Armstrong, na hilo limefungua mlango kwa bendi zenye mwanamke mbele na kijana wa kurap pembeni. Afrika Mashariki kijana wa kurap si wa kutafutwa. Mara nyingi ni mpiga besi, ambaye kwenye huu wimbo hana shughuli nyingi, na ambaye amekuwa akisubiri kipaza sauti tangu bendi ilipoanza.